Mzizi wa Bibi Rahabu

Jumatatu, 7 Juni 1954
Antipasi ameniletea mzizi wa bibi yake, Rahabu. Ukiuchemsha na uji, anasema, pumzi haikatiki! Ndiye mkimbiaji wangu hodari. Jumamosi akishinda mbio za Kiomboi, anakwenda kukimbia Dodoma. Lakini Mchungaji Melkizedeki alishasema: mwalimu wa misheni akionekana anakunywa dawa za kienyeji, kazi hana. Nina mke na mtoto. Ila nataka kujua – ni mzizi, au ni moyo wa mtu? Kila mmoja hapa Kinampanda ana uhakika, na hakuna aliyepima. Inaniudhi.

Jumanne, 8 Juni
Nimepika uji, vibuyu viwili. Kimoja mzizi, kingine majani machungu tu, wasitambue kwa ulimi. Nusu ya vijana wangu wa mbio hiki, nusu kile. Mimi sikutia mdomoni – nisije nikasemwa. Wakakimbia mpaka mtoni na kurudi.

Alhamisi, 10 Juni
Hakuna tofauti. Tangu juzi wa mzizi na wa majani wanafika pamoja, wanahema pamoja. Basi mzizi si kitu! Nilifurahi, halafu nikasikitika. Nitamwambiaje Antipasi? Akikata tamaa, miguu itamsikiliza nani?

Ijumaa, 11 Juni
Nimekwenda kwa Bibi Rahabu. Shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda. Nikamweleza kwa adabu kwamba dawa yake haina kitu. Hakukasirika. Akauliza ni nani aliyeonja kwanza. Nikasema hakuna. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

“Mjukuu wangu, mgawaji asipoonja, nani atakunywa?”

Nikamtafuta Antipasi. Kweli – wote walikuwa wanamwaga kwenye nyasi nikigeuka, hata yeye! Kwa heshima, wasiniaibishe. Mnyiramba gani mimi, nimsahau mwenye kibuyu anayeonja kwanza ili wageni watoe wasiwasi? Chuo kimenifundisha kupima, kikanisahaulisha kwetu. Nilichopima ni ugali wao wa jana yake.

Jumamosi, 12 Juni. Kiomboi, uwanjani
Naandikia magotini. Mchungaji amekaa mbele kabisa, amenipungia mkono. Wakimbiaji wanaitwa.

Antipasi amekuja na kibuyu cha mzizi, amekishika kwa mikono miwili. Watu wanatazama.

“Mwalimu, Bibi amesema leo mgawaji ni wewe. Anza.”

Bila mimi hanywi, naona machoni. Na asipokunywa atakimbia na wasiwasi.

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Amesimama palepale. Nimeshamaliza, na bado naandika.