Mlinzi wa Sifuri

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Sijamwambia mtu. Hata Mungu nimemgusia tu juu juu. Namba niliyotuma leo asubuhi haikutoka ziwani. Imetoka kwenye ndoo ya Mama.

Nianze vizuri. Kuna wanasayansi wana setilaiti inayopima chumvi ya bahari. Kutoka juu huko! Ziwa letu halina chumvi ya maana, na ndiyo sababu wanalitaka. Dkt. Ziada ni mmoja wao – mzaliwa wa Rusimbi kabisa, hapahapa Kigoma, siku hizi anafanya kazi Ulaya. Alikuja shuleni mwezi wa sita akatuambia: muuza mchele wa soko la Mwanga, kabla hajapima, anahakikisha mshale wa mzani uko kwenye sifuri. Basi Ziwa Tanganyika ndiyo sifuri yetu. Mwalimu Leonardi wa fizikia akauliza nani anakaa karibu na ufukwe wa Kibirizi. Darasa zima likanigeukia. Mimi, Melania! Ambaye nikiitwa jina kwenye mahudhurio natoka jasho.

Tangu hapo kila asubuhi nachota maji, natumbukiza kipima chumvi nilichoachiwa, natuma namba. 0.3. Kesho yake 0.3. Kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuonekana.

Shida ni wanawake wa dagaa. Sasa hivi ni mbalamwezi, mitumbwi ya taa haitoki, hakuna cha kuanika. Wamebaki ufukweni na midomo yao. Wakiniona tu wananisalimia kwa Kiha: Mwidiwe, nesi! Mgonjwa kaamkaje? Eti kipima changu ni cha homa. Mama Mapendo ndiye kiongozi wao. Juzi kasema nilipime ziwa na presha, usiku kucha lilikuwa linatapika.

Leo nimeshindwa. Nikajiambia, maji ya bomba si yanatoka ziwani? Basi ndoo ya bluu iliyoko uani ni ziwa lililohamia kwetu. Nikatumbukiza. 2.1. Nikatuma, nikakimbia shule.

Kwenye kipindi cha Kiswahili ndipo nikakumbuka. Jumamosi Mama alitia samaki wake, migebuka, chumvi kwenye ndoo ileile. Na Mama akisuuza ndoo, anaisalimia tu.

Jumanne, 9 Septemba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Dkt. Ziada. Yuko Dar kwa mkutano. Anaanza: "Mtafiti mwenzangu!" Nimeusikiliza mara sita. Hakuna mtu amewahi kuniita mwenzake wa kitu chochote.

Anasema 2.1 haijawahi kutokea. Anauliza kama nina uhakika. Nirudie leo.

Nimekwenda ziwani kweli, nimepita katikati ya manesi wenzangu na vicheko vyao. 0.3. Bila shaka.

Hapo ndipo nilipaswa kuandika ukweli. Ujumbe mmoja tu: samahani Dokta, ilikuwa ndoo. Nikaanza kuuandika. Nikafuta. Nikaandika kwa Kiingereza, labda kitauma kidogo. Kikauma zaidi. Nikarudi nyumbani na chupa ya maji, nikatia chumvi ncha ya kijiko. 2.6 – nyingi. Nikaongeza maji. 1.8. Nikatuma 1.8, ili ionekane chumvi inapungua taratibu, kiheshima.

Jana lilikuwa kosa. Leo ni mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamepata maelezo! Mwalimu Leonardi katusomea ujumbe wao darasani, mara mbili. Profesa wao mkuu, yule mwenye ndevu tuliyeonyeshwa pichani, ameangalia ramani akaona Uvinza, penye chemchemi za chumvi. Akaona mto Malagarasi unapita hapohapo na kuingia ziwani. Basi! Chumvi ya Uvinza imeteremka na mto. Wameupa jina kabisa: Mkondo wa Uvinza. Na walipoangalia tena picha za setilaiti za wiki hii – eti wameanza kuuona.

Wameuona!

Ninachokiri hapa tu: profesa hajakosea sana. Chumvi ni ya Uvinza kweli, imeandikwa kwenye mfuko. Amekosea njia. Haikuja na mto. Ilikuja na bodaboda kutoka soko la Mwanga, imepakatwa na Mama.

Habari imefika Kibirizi kabla yangu. Mama Mapendo kachota maji kwa kiganja, kayaonja, kayatema. Anasema ni yaleyale aliyobatiziwa. Mwenzake akamwambia yeye na setilaiti nani mwenye macho. Akajibu macho inayo, ulimi je?

Lakini baadaye alinivuta pembeni, bila kucheka. Akauliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu, wewe ndiye unayepima. Dagaa watakimbia? Nina watoto wanne." Nikasema sijui, Mama. Nilijua.

Ijumaa, 12 Septemba

Kikao cha kompyuta, ofisi ya mkuu wa shule. Nyuso tisa za wanasayansi kwenye kioo. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima kwa sentensi moja: Sir, it was a bucket. Rahisi. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza, na mimi nimesoma Kiingereza tangu chekechea.

Profesa akasema bila binti huyu tusingejua lolote. Wote wakapiga makofi. Mwalimu Leonardi akafuta miwani. Wakanipa nafasi nizungumze.

"Thank you, sir."

Nimefundishwa Kiingereza cha kujibu mtihani. Cha kukiri hakimo kwenye silabasi.

Halafu Dkt. Ziada akasema Jumatatu atasimama mbele ya wanasayansi wote, huko Dar, kueleza Mkondo wa Uvinza. Kwa jina lake. Kwanza anakuja Kigoma kesho, aone mwenyewe ninapochotea. Ana siku mbili tu, kisha atasema mbele za watu kwamba ziwa alilozaliwa kando yake lina chumvi. Kwa sababu mimi naona haya.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi hii sikwenda kupima. Nimelala nikisema tumbo linauma. Mama kanipa maji ya vuguvugu. Nimejiuliza ya ndoo gani.

Saa nne. Amefika! Nilidhani ataanzia shuleni. Yuko uani. Namsikia anasema shikamoo mama, Mama anajibu marahaba na kuvuta kigoda kwa kelele, ili majirani wajue tuna mgeni. Sijatoka. Naandika haraka.

Mama anamwambia tumbo limenishika, ni mawazo ya kazi, mtoto anaamka alfajiri kwa ajili ya hilo ziwa. (Alfajiri!) Dkt. Ziada anasema nina moyo. Anasema amekula ndizi kwa mkono, anaomba maji anawe.

Mama: "Siyo hiyo, Dokta! Hiyo ya bluu ina munyu, natilia samaki chumvi."

Kopo linagonga ukingo wa ndoo.

Dkt. Ziada anacheka kidogo. Anasema marehemu mama yake alikuwa na ndoo kama hiyo, Rusimbi, na mara moja waliichemshia chai. Mama anacheka. Halafu Dkt. Ziada anauliza, polepole, kama anatembea juu ya mayai: na Melania, asubuhi akichelewa, huwa anachota wapi maji ya kupima?

Mama anasema hajui, lakini Jumatatu alimkuta kainamia hapohapo.

Kigoda kinaburuzwa. Hata Mama kanyamaza! Hilo ndilo setilaiti ingelinasa.

Mlio mdogo – tii. Naujua. Kipima kikiwashwa hulia hivyo. Ana chake.

Hakuna anayesema namba.

Nyayo. Ndala za Mama, na nyuma yake viatu visivyo vya hapa. Korido yetu ni hatua saba. Nimeingiza daftari chini ya mto, nimelitoa. Mama anasema ngoja nigonge, huyu ana aibu sana. Dkt. Ziada anasema: "Niache mimi."

Nimefunika ukurasa kwa kiganja. Anagonga. Ananiita "mtafiti mwenzangu", hata sasa, na sauti haijabadilika.

Naondoa mkono. Naandika kubwa, aione kutoka mlangoni:

ZIWA NI 0.3. NDOO NI 2.1.