Memori Mpya Iliyokataliwa

Bura, Jumatatu usiku

Nilidhani nimeiua. Ile memori mpya niliyoagiza Garissa mjini iliingia vizuri kabisa, lakini nilipowasha kompyuta ya shule ikapiga mlio tu, kioo kikabaki cheusi. Na kesho wasichana wangu wa darasa la kompyuta wana mtihani wa vitendo. Bila mashine hiyo, mmoja wao, Nasteho, hana pa kuufanyia.

Nilikereka mno. Aliyeniuzia aliniapia kwamba inafaa kompyuta yoyote! Moyoni nikaogopa kuwa nimeunguza ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote ndani. Ningemwambia nini mama yake Nasteho, aliyegombana na shemeji zake ili binti abaki shuleni?

Hodhan, mwalimu mwenzangu, akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, rudisha ile ya zamani kwanza."

Nikairudisha. Ikawaka! Kumbe ubao ni mzima, ila ni wa zamani na hauwezi kuisoma memori kubwa ya siku hizi.

Lakini ile ya zamani peke yake ni ndogo, programu ya mtihani inakwama. Basi tukafungua kompyuta mbovu iliyo stoo, ya umri uleule, tukatoa memori yake, tukaifuta vumbi na kuichomeka kando ya mwenzake. Zote mbili zikasomwa.

Tukamwita Nasteho ajaribu. "Mwalimu, iko bolebole," akasema, "lakini inafungua." Akacheka. Mimi nikaanza kukaza skrubu za kifuniko.

Sijui maswali ya kesho yatakuwaje. Hayo ni yake, na ninamwamini. Kazi yangu ilikuwa mashine, na alhamdulillahi, kama asemavyo Hodhan, inawaka.