Karatasi au Tofali

Jumanne, 4 Machi

Laptopu ya mama watoto imekufa. Fundi ameifungua, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema. Diski ameitoa nzima, akanifungia kwenye bahasha. Bahasha! Akanipa na pole juu, ya pili mwaka huu.

Basi ninunue nyingine. Kumbe kununua laptopu ni shughuli ya ukoo mzima. Binti anataka nichukue nyepesi. Mkwe anataka nichukue nyepesi. Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata kikokotoo, naye ana maoni. Nzito ni za vijana wa gemu, anasema. "Wewe fundi mapazia, shemeji. Unataka kurusha roketi?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Ndiyo tabia yangu: nacheka mdomoni, nanuna hapa daftarini.

Jumatano, 5 Machi

Dukani. Muuzaji ana suti ya bluu na viatu bila soksi. Kwake kila kitu ni "kama". Nyepesi kama karatasi, haraka kama umeme. Akaiinua kwa vidole viwili, akaizungusha mbele ya pua yangu kama mhudumu mwenye sinia. Nikauliza, inaweza kuhariri video? "Mzee wangu, hii inafanya kila kitu." Kila kitu? "Kila kitu."

Mtu anayejua kila kitu hakosi kuwa muuzaji.

Ile yenye nguvu ilikuwa rafu ya chini, karibu na ufagio. Nyeusi, nene. Chaja yake tu inatosha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Akanionyesha kwa ncha ya kiatu. "Tofali hilo, mzee. Litakumaliza bega."

Bega langu ni bovu kweli. Miaka yote hii ya kubeba majora ya vitambaa na fimbo za mapazia, nyumba hadi nyumba. Na wateja wanataka kuona picha za mitindo kabla hawajachagua. Karatasi ingenifaa, sikatai. Hilo ndilo linaloniudhi — wapuuzi wote hawa, na nusu wako sahihi.

Ijumaa, 7 Machi

Binti amepiga simu. Anaulizia video ya harusi yake. Mama yake aliipiga mwenyewe, akakataa katakata kuajiri mtu. "Mwanangu aolewe, kamera nimpe nani?" Akaanza kuihariri, hakufika mbali. Imo humo kwenye diski, vipande vipande.

Mkwe akapokonya simu. Baba, usijitese. Kuna jamaa mtaani kwetu anamalizia video za watu. Ataweka muziki, ataweka maua yanayodondoka, ataondoa sauti ya nyuma.

Nikauliza sauti ya nyuma ndiyo ipi.

"Zile kelele, baba. Mpiga picha anapoongeaongea."

Mkwe huyu ana digrii. Mbili, nasikia. Anaongeaongea! Nikasema asante, nitafikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Maua yanayodondoka. Yanatoka wapi? Ukumbi ulikuwa na dari!

Mama watoto amepiga video za harusi za nusu ya mji huu na sauti yake haimo hata katika moja. Alikuwa "anajisafisha". Neno lake hilo. Anakaa mezani, chai inapoa, anajisikiliza kwa makini, anajikata. Juu yake anapitisha muziki. Nilikuwa namwambia, acha basi hata kidogo. Ananicheka. Mteja hakulipa kunisikia nikikohoa, anasema.

Leo nimezipitia kwenye simu zile alizokwisha kumaliza. Nilitaka hata pumzi. Hakuna. Kazi safi kabisa. Sikujua mtu anaweza kuichukia kazi safi.

Hajajisafisha kwenye moja tu. Ya binti yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi dukani na bahasha. Suti ya Bluu hakufurahi. Nikamwambia tujaribu kwanza, mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia.

Karatasi kwanza. Tukachomeka diski. Ikawaza. Kaduara kakazunguka. Ikatokea sura ya binti yangu, mdomo wazi, shela limempanda puani — ikaganda hapohapo. Suti ya Bluu akasema leo mtandao unasumbua. Mtandao! Diski iko mezani, waya wake huu hapa!

Tofali sasa. Feni ikanguruma kama mzee anayepanda ngazi. Halafu sauti, duka zima:

"Jamani sogeeni kushoto! Kushoto! Si kwenu — kwangu!"

Naapa walisogea. Mwenye fulana nyekundu akaenda kushoto, mama mwenye mkoba akaenda kulia, wakagongana kwenye rafu ya printa. Wakaombana radhi. Suti ya Bluu mwenyewe alipiga hatua, hakujua ya wapi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hakuna aliyewahi kujua kushoto kwake ni upande gani. Hata mimi, na nimeishi naye mpaka mvi.

"Nani huyo?" akauliza mama mwenye mkoba.

"Mpiga picha," nikasema.

Suti ya Bluu, kwa ukarimu: "Hiyo sauti inatoka, mzee. Hapa tu. Nikutolee?" Mkono tayari uko kwenye kipanya. Nikaudaka. Tukabaki hivyo, wanaume wazima, tumeshikana mikono juu ya kaunta.

Nimenunua Tofali.

Jumanne, 11 Machi

Bega limevimba. Shemeji kapita kuitazama. "Umenunua mashine ya kusaga?" Akaiinua, akaguna, akaiweka chini, akasema ndio uchungu wa msiba huo, unamfanya mtu anunue vyuma. Mshauri wetu wa saikolojia! Nikamkaribisha chai.

Binti kwenye simu: Baba, sauti si itabaki kwenye diski? Si unayo hapo? Najua itabaki. Ya kwenye diski nitaisikiliza mimi, peke yangu, mlango umefungwa. Nataka awemo kwenye harusi. Wakwe wakikaa kutazama, nao waambiwe wasogee.

Hayo sikuyasema. Nilisema, "Ndiyo, mama, inabaki."

Jumatano, 12 Machi

Binti amekuja mwenyewe. Jumapili wakwe zake wanakuja kuitazama, na mkwe ameshatangaza. Kwa nini bado? Nikasema najifunza programu. "Wewe, baba?" Akacheka hadi akaegemea ukuta. Toka hapo nikufanyie. Yeye anaijua, mama yake alimfundisha akiwa shule.

Hapo ndipo ningesema. Niliandaa maneno tangu jana. Nikasema nikuchemshie chai. Nawacheka watu wote hawa, na mwoga kuliko wote ni mimi!

Niliuliza mlangoni tu, kama naulizia sukari: kwani ile sauti lazima itoke? "Baba. Watasema ni kazi ya ovyo. Mama mwenyewe asingeiacha." Kweli. Asingeiacha. Nikaenda jikoni.

Naandika nikiwa hapa, mlango wazi, namwona ubavuni. Amevaa hedifoni. Anakata kwa haraka, midomo ameibana, mgongo umenyooka. Magari yanafika, kata. Wazee wanashuka, kata. Kila akikata anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tofali linanguruma.

Sasa amesita. Amerudisha nyuma. Anatazama tena. Amerudisha.

Maji yamechemka, siendi kuyatoa.

Mimi sisikii kitu, ni feni tu. Lakini mdomo wake unacheza. Anamjibu. Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta — hajabonyeza, hajakiondoa — na mdomo unajibu, unajibu