Kesi ya Meno ya Kipaza

Nyumbani kwa wazazi,
Chumba cha nyuma ya duka.
Jumapili, tarehe 14.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. U hali gani huko uliko? Wifi yangu na watoto hawajambo? Yule mdogo aliyekuwa akikohoa amepona, au bado mnakesha naye? Sisi huku tunasukuma siku. Mama goti linamsumbua baridi ikiingia, lakini anapanda ngazi hivyo hivyo huku akiligombeza kama mtoto. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenipa talaka. Habari za baba nitakupa huko chini, kwa hiyo kama umesimama, kaa.

Najua hukuzoea kupata barua kutoka kwangu. Kwa simu ungenikatiza, kama kawaida yako, ungeanza kunipa ushauri kabla sijafika katikati ya maneno. Karatasi haikatizwi.

Unamkumbuka yule mshereheshaji wa harusi tuliyekuwa tukimwita Kipaza, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili hata umeme ukikatika? Meno yake ya juu yalimwisha. Akaja dukani kwa baba atengenezewe ya bandia. Baba akamchukua vipimo kwa plasta, akachonga nta, akatoa kalibu, akayapiga msasa, kama alivyowafanyia watu tangu mimi na wewe tukichezea meno yaliyoharibika chini ya meza yake. Kipaza akalipa, akajichekea kwenye kioo, akaenda zake.

Hazikupita siku nyingi akarudi uso umemshuka. Meno yalikuwa yanapiga mluzi. Akisema "shughuli", mluzi. Akisema "sasa", mluzi. Halafu kwenye harusi moja ya watu wenye uwezo akawa anawakaribisha maharusi wakate keki, meno yakamruka mdomoni yakatua juu ya keki yenyewe. Picha ya keki ile ilizunguka mjini kuliko ya bibi harusi. Waliokuwa wamekwishampa kazi za mbele wakamnyang'anya.

Baba alimwomba radhi, akamtengenezea mengine bila malipo. Ya pili yakawa mabaya kuliko ya kwanza, yalimchubua fizi hadi damu. Kipaza akataka arudishiwe chake chote. Baba akakataa. Akasema kinywa cha mtu hubadilika, yeye kazi yake hajakosea.

Ndipo Kipaza akampeleka kwenye ile mahakama ya madai madogo. Huko ndiko wanakokwenda watu wa biashara ndogondogo wakishindwana. Hakuna wakili wala joho. Unajaza karatasi, unaitwa, unajieleza kwa mdomo wako, na mara nyingi unatoka na hukumu siku hiyo hiyo. Karani aliwaambia wote wawili kwamba wana nafasi ya kuelewana wenyewe kabla ya siku ya kesi. Mama akamwambia baba, "Mrudishie yaishe." Alimwambia asubuhi, akamwambia jioni, akamwambia na mezani mbele yangu.

Kisha ukapiga simu wewe.

Mimi nilikuwepo, na baba alikuwa ameweka sauti juu kwa sababu hasikii vizuri. Ulisema, "Baba, usikubali! Ukimrudishia mmoja watakuja wote. Ile mahakama ni rahisi, nenda kamuumbue mbele ya watu. Heshima yako ya miaka yote utaiacha kwa mpiga domo?" Baba akanyanyua mabega kama kijana. Mama akaondoa sahani.

Siku ya kesi baba aliamka mapema. Alipiga viatu rangi hadi ukaweza kujiona. Mama alimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka shingoni, nami nikafikiri, jamani, mapenzi ya uzeeni hayo. Akabeba mkoba wake wa vifaa. Nilipomuuliza wa nini, akasema fundi haendi kubishana kuhusu kazi yake mikono mitupu.

Chumba chenyewe ni kama darasa. Viti vya plastiki, meza ya mwamuzi, meza ya karani, na wote wenye kesi za siku ile wamekaa humo humo wakingoja zamu. Kabla yetu walisikilizwa fundi rangi na mwenye saluni. Ukuta wa saluni ulibabuka, fundi akakubali kuupaka upya, wakapeana mikono. Mambo yalikwenda chapuchapu. Mwamuzi ni mama wa makamo, mpole, anasikiliza mtu mpaka mwisho. Nikajisemea, hapa tutatoka salama.

Kipaza akaitwa kwanza. Mwamuzi akamuuliza kama meno amekuja nayo.

"Ninayo, mheshimiwa. Naomba niyavae, mahakama isikie yenyewe."

Akayavaa ya kwanza, yale ya mluzi. Akasimama kifua mbele kama yuko ukumbini. "Mabibi na mabwana, sasa tusimame sote, tuwashangilie maharusi wasio na kasoro!" Mluzi ulitoka kama wa refa. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Faulo!" Chumba kikaangua kicheko. Hata mwamuzi alifunika mdomo kwa kalamu.

Baba hakuyumba. Akasimama, akasema kwa heshima, "Mheshimiwa, hiyo ni ncha ndogo tu upande wa kushoto. Nimekuja na vifaa vyangu. Nikipewa nafasi nitaikwangua hapa hapa, naye atasema mwenyewe."

Mwamuzi akamtazama Kipaza. Kipaza akasema, "Yakitulia, mheshimiwa, naondoka na sidai kitu." Na alimaanisha. Sikumpenda, lakini alimaanisha.

Mama akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Mzuie."

"Kwa nini?"

Macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa baba.

Baba akafungua mkoba, akatoa tupa. Ikamponyoka. Akaiokota, akabana kiwiko ubavuni, akashika yale meno kwa mkono wa pili. Tupa ikaanza kugonga meno, ta-ta-ta-ta, wala haikwangui kitu. Waliokaa nyuma walidhani ndivyo kazi yenyewe inavyofanywa. Mimi niliyekua chini ya meza yake ya kazi nilijua sivyo. Akainama amvalishe Kipaza. Yakamgonga mdomo wa juu. Akavuta pumzi, akajaribu tena, yakaingia puani.

Kipaza akawageukia watu, maana yule akiona watu hajizuii. "Mzee, hiyo ni pua. Mlango uko chini."

Mdogo wangu, sijui nikueleze vipi. Karani alilala juu ya meza mabega yakimruka. Fundi rangi, ambaye kesi yake ilikwisha, alikuwa bado yumo, amebaki kwa ajili ya starehe, anajifuta machozi kwa kofia. Na baba yetu amesimama katikati, meno ya mtu mkononi, yanacheza kiganjani kama yana uhai.

Mwamuzi akagonga meza. Kisha akauliza kwa upole, na heri angekuwa mkali, "Baba, mikono hii imeanza kutetemeka lini?"

"Mikono gani, mheshimiwa?"

Wakacheka upya. Walidhani anatania.

Hukumu haikuchukua muda. Amrudishie Kipaza pesa yake, na asitie tena kitu kinywani mwa mtu mpaka aonwe na daktari. Nimeitafutia kosa hukumu ile, nimeigeuza huku na huku, sijaliona. Kipaza alidai kilicho chake, akapewa. Kazi alizopoteza hata hakuzidai. Mahakama ilifanya ilichowekewa kufanya, tena kwa adabu. Baba alilipa pale pale, na mama ndiye aliyemhesabia zile noti.

Daktari amesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, dawa zinaupunguza tu. Mama alijua zamani. Alikuwa akimmiminia chai nusu kikombe isimwagike, akimkata kucha, akimsomea ujumbe wa simu akisingizia kwamba miwani ya baba ni mibovu. Baba alimwapisha asituambie watoto. Ndiyo maana mama alitaka yaishe kimyakimya. Wewe ukasema heshima.

Duka lipo wazi, haingii mtu. Baba hukaa pale kutwa ameikalia mikono yake, mmoja chini ya paja hili na mwingine chini ya lile. Anayepita nje akimsalimu, anajibu kwa kichwa.

Kipaza alipata meno mazuri kwa fundi mwingine, akarudi kwenye harusi zake. Na sasa ana kichekesho kipya. Anamwita mgeni mmoja mbele, anamkalisha kitini, anajifanya fundi wa meno. Mikono inamtetemeka hadi mabega. Meno anayapeleka sikioni, anayapeleka jichoni, anayapeleka kwa jirani. Halafu anauliza kwa sauti ya kizee, "Mikono gani, mheshimiwa?" Watu hujigaragaza.

Nilimfuata ukumbini mchana mmoja, akiwa peke yake anakunja nyaya. Nilimwambia yote yaliyokuwa kifuani. Nilimwambia na mengine ambayo mama akiyasikia atanipaka pilipili mdomoni. Aliniacha nimalize.

"Dada, jina lake sijalitaja hata siku moja."

"Mzee ni mgonjwa!"

"Hilo nimejua baadaye, na nikasikitika. Lakini mimi nilipokaa ndani nikila mkate uliolowekwa kwenye chai, na mji mzima unanicheka kwa ile keki, nani kwenu alikuja kunipa pole? Kicheko ndicho kinachonilisha. Wamenicheka, sasa wanamcheka yeye. Kesho watapata mwingine."

Akaendelea kukunja nyaya zake. Niliipiga teke spika yake, nikaumia kidole, nikatoka nachechemea.

Kumbe siku moja kabla, kwenye harusi, kuna mtu alikuwa amemrekodi. Klipu ikatoka ukumbini, ikapita simu hadi simu, ikavuka mipaka, ikafika kwako. Na wewe, mwana wa baba, Jumatano iliyopita ukaitupa kwenye kundi la familia. Chini yake ukaweka vile viuso vinavyolia kwa kucheka, safu nzima, ukaandika, "Mwonyesheni mzee, huyu ni wa kazi yake! Nimecheka mpaka mbavu zinauma."

Tulikuwa mezani simu ya baba ilipolia. Mama alitaka kuichukua amsomee kama kawaida, lakini baba aliona jina lako, akafurahi, akaivuta mwenyewe. Akaiweka mezani, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole. Akaitazama hadi mwisho.

Akasema, "Amekosea. Tupa haishikwi vile. Kidole gumba hukaa juu."

Kisha akaniuliza, "Mwanangu amecheka?"

"Amecheka, baba."

"Ameandika kwamba amecheka sana?"

"Sana."

Akataka kukujibu. Mama akamwambia aache, mimi nikamwambia nitamwandikia jibu, akakataa. Alihangaika na ile simu mpaka chakula kikapoa. Kwanza alikutumia alama ya keki, akaifuta. Akatuma nanasi, akalifuta. Mwisho akapata kile kiuso kinacholia kwa kucheka, kimoja tu, akakutumia. Nawe hukukawia. Ukamwandikia, "Nilijua utaipenda, baba!"

Akausoma ujumbe wako mwenyewe, bila miwani. Akaenda kulala.

Hukujua. Hilo nakupa. Ulipouliza habari za kesi, baba alikujibu tu kwamba yamekwisha. Kwako wewe baba ni yule aliyetubeba mmoja kila bega, na hujakanyaga hapa siku nyingi mno kumjua huyu wa sasa. Baba naye amenikataza nisikwambie. Alisema, "Mwache. Yuko mbali, asije akaumia." Mimi nimeona uumie.

Wala usimpigie kumwomba radhi. Ukiomba radhi atajua kwamba umejua, na aibu ile anayoificha kwako kwa nguvu zake zote itakuwa imemwagika kwa mtu wa mwisho aliyebaki. Utampigia siku zako zile zile. Utamtumia vichekesho vyako kama zamani, naye atakutumia viuso vya kucheka, na kila kikija utajua kimemchukua muda gani.

Nisalimie wifi yangu, na umbusu yule mdogo mwenye kifua. Mama anakuombea dua, anasema ule vizuri. Shangazi naye anauliza lini utakuja, mwambie chochote, amekwishazoea. Mungu akulinde huko ugenini, akujalie afya, na akuzeeshe katikati ya watu wako.

Ni mimi nikupendaye, na sijaacha,

Dada yako.