Nilisoma "na" mahali pa "si"

Jumamosi, Januari.

Mvua imeanza kabla hakujapambazuka na bado inanyesha. Malori yamepangana hadi mpakani, madereva wamejifungia ndani na vioo vimefanya ukungu. Raba za shangazi ziko palepale nyuma ya mlango, kavu. Ningependa kusema ni kwa sababu ya mvua, lakini Jumamosi iliyopita jua liliwaka na hazikutoka.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nyumbani ni Igamba, ila baba alinileta Tunduma kwa dada yake, shangazi Oliva, nimsaidie biashara ya chai na maandazi. Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilikuwa natazama chini hadi amuulize mwingine.

Shangazi ana presha. Zahanati walimwambia apunguze chumvi na mafuta, na aufanyishe mwili mazoezi, kusimama jikoni tu hakutoshi. Basi ilipokuja kampeni ya serikali ya mazoezi, alifurahi kuliko mtu yeyote mtaani. Jumamosi asubuhi watu wanakutana uwanja wa shule ya msingi, wanakimbia mchakamchaka, kisha mhudumu wa afya anawapima presha, sukari na uzito, bure. Shangazi alinunua raba za mtumba. Akavaa suruali ya michezo na kufunga kitenge juu yake, maana mama mtu mzima hapiti mtaani na suruali. Alikuwa anarudi amelowa jasho, anaimba nyimbo za mchakamchaka za darasa la nne, na mimi nageuza maandazi huku nacheka peke yangu.

Halafu nikaharibu.

Baada ya sikukuu mhudumu alileta tangazo kanisani ili watu waongezeke. Katibu wa kanisa alikuwa amesahau miwani. Akaangaza macho, yakanikuta. "Edina, wewe umetoka shule juzi, njoo utusomee." Sikuweza kukataa mbele ya watu wote. Karatasi ilisema tunakaribishwa kwenye mazoezi ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na hasa wale waliokwisha kuambiwa kuwa wana magonjwa hayo wasikose kufika.

Mimi nikasoma "yanayoambukiza."

Nililisikia kosa langu kwenye spika kabla sijamaliza sentensi. Ilikuwa kusema tu samahani na kusoma upya. Nikaendelea, sauti inashuka, nikarudisha karatasi, nikaenda kukaa huku naangalia miguu yangu. Nikajiambia kwamba hakuna aliyesikiliza.

Wote walisikiliza.

Jumamosi iliyofuata walikuja wachache uwanjani, na hao wachache wakatazamwa. Ukionekana unakimbia na kundi lile, basi una kitu cha kuambukiza. Na hapa kwetu mpakani hakuna anayeuliza ni kitu gani, watu wanajijazia wenyewe. Vijana wa bodaboda walimwona shangazi anapita na kitenge chake, mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Pisha, pisha, usivute hewa hiyo." Wakacheka. Mama Jofrey wa nyumba ya pili, aliyekuwa anachukua maandazi kwetu kila asubuhi, akaanza kupita ng'ambo ya barabara. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Siku hizi tunapika uji, mwanangu. Watoto wameyachoka maandazi." Jioni niliwaona watoto wake wanakula maandazi ya mama mwingine.

Waliobaki kwetu ni madereva wa Zambia. Wao hawasali kanisani kwetu. Wanamwita shangazi "bamayo", mama wa heshima, wanakunywa chai na kuongeza. Wakicheka naye najisikia vibaya zaidi.

Shangazi akaacha kukimbia. Alisema goti linamsumbua. Sikuwahi kumwona akichechemea.

Juzi yule mhudumu wa afya alipita hapa kununua chai. Akauliza, si kwa ubaya, "Hivi watu wa huku mna nini? Mazoezi bure, vipimo bure, hamji." Nilikuwa nasuuza vikombe. Nikaendelea kusuuza hata vile vilivyokwisha kutakata.

Leo asubuhi shangazi alikuwa anakanda unga. Ghafla akashika meza kwa mikono miwili na kufumba macho. Nikageuza ndoo nikamkalisha. Akasema kichwa kinazunguka, kitatulia. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga.

Sijui nilipata wapi mdomo. "Shangazi, ni mimi. Lile tangazo nililisoma vibaya."

"Najua," akasema.

Nilidhani hajanielewa. Siku ile alibaki kwenye biashara, ndivyo nilivyoamini. Kumbe alifunga mapema, akafika wakati wa matangazo, akasimama mlangoni ili asikatishe. Alinisikia vizuri kabisa.

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nikuaibishe mbele ya kanisa, mtoto wa kaka yangu, siku yako ya kwanza kushika maiki? Nikasema, ngoja, mwenyewe atamfuata katibu. Jumapili ile hukwenda. Nikasema, basi Jumapili ijayo."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

Tulienda zahanati chini ya mwavuli mmoja. Presha imepanda. Muuguzi akamwongezea dawa, akamuuliza, "Na mazoezi, mama?" Shangazi akasema, "Nilipumzika kidogo." Hata pale hakunitaja. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika mwavuli, maji yanadondoka kwenye sakafu yao, na bado sikufungua mdomo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Ulimi wa mtu yeyote unaweza kuteleza. Lakini mimi nilimwacha mtu mzima abebe aibu yangu, tena akiwa mgonjwa, na kule kunyamaza kwangu nikakuita kuona haya.

Wakati wa kurudi nilimwomba atangulie, nikapita kwa katibu. Nikamwambia nataka kulisoma tena. "Si ulishalisoma?" akauliza. Nikamweleza. Akaingia ndani, akanitolea ile karatasi.

Sijui kama itatosha. Uvumi umeshafika mbali kuliko spika ya kanisa. Mama Jofrey anaweza asirudi, na wale wa bodaboda hawatakuwepo hata kunisikia. Je, ningesema siku ileile, shangazi angekuwa anakimbia leo hata kwa mvua? Nafikiri angekuwa.

Sasa ni jioni, amelala chumbani, na mimi niko sebuleni na karatasi. Mazoezi yangu ya leo ni neno moja. Nalisema polepole, kwa sauti ndogo nisimwamshe. Yasiyoambukiza. Yasiyoambukiza. Mara nyingine ulimi bado unataka kwenda kulekule.

Nilipolirudia tena, akaniitikia kutoka chumbani, kumbe hakuwa amelala.

"Sauti, Edina. Tuliosimama mlangoni hatusikii."

Kesho ni Jumapili.