Dude Waliliamini, Mwanamke Wakamkataa

Abti,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua ungependa iwe hivyo. Uliniambia mara nyingi kwamba nikiwa mpole siandiki kitu cha maana. Basi leo kaa vizuri huko uliko, maana upole sina.

Kwanza habari za nyumbani. Hooyo, mama yangu na dada yako wewe, hajambo. Akipika chai bado anatia sukari yako ile ya kupindukia, halafu anakumbuka, na sote tunainywa hivyo hivyo. Ukumbi wako wa video upo, mabati yaleyale, nyuma ya soko la mifugo. Wanaume wa ukoo walitaka kuugeuza ghala la saruji. Nikakataa, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Sasa wananiogopa kidogo na funguo ninazo mimi.

Na filamu yetu imekwisha.

Uliisoma skripti mpaka pale Halima anapoliacha lori porini, ukasema utamalizia kesho. Hukumalizia. Kwa hiyo acha nikusimulie, kama ulivyokuwa ukinisimulia wewe. Dude la chuma linaanguka kutoka angani kwenye barabara ya Habaswein. Lina miguu minane na kiu isiyoisha, linakwenda kisima hadi kisima likinywa. Macho halina, linafuata mlio wa chuma: ndoo, sufuria, injini, bunduki. Halima, muuza maziwa ya ngamia mwenye lori lake mwenyewe, ndiye anayegundua kwamba ngamia waliovaa kengele za mti hawaguswi. Anawatoa watu kijijini katikati ya kundi la ngamia, wakitembea polepole, kengele zikigonga ko, ko, ko, na dude linapita pembeni yao kama kipofu. Kisha anarudi peke yake kwenye lori, anapiga honi kwa nguvu zote, dude linamfukuza, naye analipeleka hadi kwenye laga, ule mto wa msimu, iliyojaa mafuriko na kuruka nje dakika ya mwisho. Dude linazama. Kiu yake inakatwa kweli kweli.

Ungecheka hapo. Nilikiandika kile kifo kwa ajili yako.

Niliipeleka Nairobi, kwa kampuni moja inayonunua filamu za kuonyesha nchi nzima. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole, alinipa maji, akasema picha ni safi. Dude alilipenda sana. Alitaka kujua nani alilichomelea, nikamwambia ni fundi wetu wa matangi ya maji, akashika kichwa kwa furaha. Kisha akasema kuna tatizo dogo. Halima. Haaminiki.

Nilidhani anamsema mwigizaji. Hapana, alimaanisha mtu mwenyewe, mwanamke mwenye hijabu kutoka kwetu anayeendesha lori na kulishinda dude. Akapendekeza tumweke askari anayetoka Nairobi kwa helikopta, Halima abaki kwenye kambi ya wakimbizi, pale Ifo labda, akilia na watoto hadi aokolewe. Hapo, alisema, watu watatuelewa.

"Dada, watazamaji hawawezi kuamini hiyo kitu," ndivyo alivyoniambia.

Nikamuuliza kama dude analiamini. Akasema hiyo ni hadithi ya sayansi, watu wanakubali. Nikamuuliza kuhusu helikopta inayotoka Nairobi na kufika Habaswein kabla chai haijapoa. Akasema hiyo pia watu wameizoea. Yaani, Abti, chuma chenye miguu minane kinaweza kunywa kisima kizima na hakuna anayekohoa. Mwanamke wetu akishika usukani, akili zinagoma. Imani yao ni kama basi la Garissa: wengine wote wanapita wamelala, sisi tunashushwa kwenye kizuizi tuonyeshe kitambulisho.

Alinipa hadi mwisho wa mwezi. Nikibadilisha, nchi nzima itaiona. Nikikataa, nibaki na filamu yangu.

Sitakudanganya, nilitaka kukubali. Nchi nzima si mchezo. Njiani nikirudi nilishaanza kumuandikia yule askari maneno ya kusema, na yalikuwa maneno mabovu, kila sentensi amri. Nilipofika daraja la Tana nilikuwa nimeshamchukia. Lakini chuki si hoja, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mtu akitaka kuikataa filamu aseme inadanganya wapi, na asikilizwe.

Nikaikumbuka sheria ya ukumbi wako. Najiuliza kama duniani kuna ukumbi mwingine ulioendeshwa hivyo. Mtazamaji mwenye shitaka anainua fimbo yake, nawe unasimamisha picha, unashika maikrofoni na kesi inasikilizwa hapo hapo, kwa utaratibu ule ule wa wazee wakikaa kuamua mambo ya visima. "Uongo wa kwanza wa filamu ni mgeni, mpeni chai," ulikuwa ukisema. "Wa pili ajieleze." Shujaa akirukia chombo kingine angani huku nguo zinawaka moto, fimbo zote zilitulia magotini. Akivuka jangwa siku nzima bila chombo cha maji na midomo yake bado inang'aa, fimbo zilisimama ukumbi mzima.

Unamkumbuka yule mwalimu wa fizikia aliyetoka Machakos? Aliinua kalamu kwa kuwa fimbo hakuwa nayo, akasema angani hakuna hewa, kwa hiyo milipuko isisikike. Hukubishana naye. Ulizima spika. Tukaangalia vita vyote vya nyota kimya, meli zinapasuka kama vibuyu bila mlio, na feni tu ndiyo inasikika. Mwishowe mwalimu mwenyewe akaomba sauti irudi, akacheka hadi akafuta machozi, na tangu siku ile hakukosa Jumamosi hata moja. Na siku ya adhana ya Asri, ulipomwacha shujaa hewani kati ya ghorofa mbili. Tulikwenda kuswali, tukarudi, bado ananing'inia. Ukasema huyu jamaa ana subira kuliko sisi.

Wageni walidhani tunataniana nilipokuita abti nawe ukaniita abti. Hawakujua kwamba kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lile lile analoitwa yeye. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Ndugu wengine wa Hooyo walishakufa kabla yako, wewe ndiye uliyekuwa umebaki.

Basi nikaamua. Ningeionyesha kwanza kwetu, mbele ya watu wako, kwa sheria yako. Fimbo zikiinuka kumpinga Halima, ningemwandikia yule kijana kwamba alikuwa na haki, na kumletea askari wake. Niliapa, na Hooyo alikuwa shahidi.

Siku ya soko, baada ya Asri, ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara wa ngamia mbele, madereva nyuma, wauza maziwa wakaja na mitungi yao na kuketi upande wa ukuta. Shida ikawa sauti. Tulizoea picha isimuliwe nawe kwa maikrofoni, na msimulizi hayupo. Nikachukua maikrofoni mwenyewe. Kukatokea mnong'ono, Abti, maana spika ile haikuwahi kusimulia kwa sauti ya mwanamke. Dereva mmoja akauliza kwa nguvu kama wanaume wa Garissa wamekwisha. Nikamwambia mmoja amekwisha, Mungu amrehemu, na waliobaki walikuwa na muda wote huo wa kujitokeza. Nikaanza kusimulia.

Dude likaanguka. Fimbo magotini. Dude likanywa kisima. Fimbo magotini. Halima akatokea akiendesha lori, kiwiko dirishani, hijabu ikipepea, na mimi nikasahau kusimulia kwa sababu nilikuwa nawaangalia wao badala ya picha. Hakuna aliyesogea. Kengele za mti zilipopita mbele ya dude, nikasikia wazee wakitoa ile sauti ya kooni wanayoitoa wakiridhika na mnyama.

Kisha fimbo moja ikainuka.

Ilikuwa ya mzee Dahir, tajiri wa ngamia, yule uliyebishana naye miaka yote na kula naye kila Idi. Nikasimamisha picha. Haikuwa kwa Halima. Ilikuwa pale mchungaji mmoja, wakiwa mafichoni, anamkamua ngamia ili watoto wapate kunywa.

"Wewe msichana," akasema, "hiyo ngamia mtoto yake iko wapi?"

Ukumbi mzima ukageuka kuitazama picha, na kweli, mtoto hayupo. Ngamia amesimama peke yake, maziwa yanatoka tu kama bomba la mjini. Nililelewa hapa, nimekunywa maziwa hayo tangu nina meno mawili, na nilisahau kwamba ngamia hashushi maziwa mpaka mtoto wake aanze kunyonya. Nilitafuta jibu la haraka, la aina yako, la kuwachekesha. Nikasema nimekosea, mimi ni mtoto wa mjini, nitarekebisha.

Mzee Dahir akashusha fimbo. "Hiyo dude nimekubali," akasema. "Hiyo mwanamke ya lori nimekubali, mimi najua kumi kama yeye. Lakini hiyo ngamia, hapana. Weka mtoto. Sasa endelea."

Nikaendelea. Halima alipopiga honi na kuelekea kwenye laga, wauza maziwa walisimama wote. Aliporuka, vigelegele vikaruka naye. Yule dereva wangu wa maswali alikuja mwisho kuniuliza lori lile ni la mwaka gani, na kama Halima ameolewa.

Wiki iliyofuata tukaenda Kotile, ambako mzee Dahir alitupatia ngamia na mtoto wake. Mtoto alikataa kuigiza. Alinyonya pale alipotakiwa kusubiri, akasubiri pale alipotakiwa kunyonya, akala kamba ya kamera. Lakini tulimpata. Akivuta ziwa na mchungaji akainua mguu na kukalisha kibuyu gotini, ukiona utasikia njaa.

Mwisho wa mwezi nikamwandikia kijana wa Nairobi. Nilimshukuru kwa maji aliyonipa. Nikamwambia kwamba alikuwa na haki, filamu ilikuwa na sehemu isiyoaminika, wataalamu wetu wameikagua na kuigundua, nasi tumeirekebisha. Tumeongeza ndama mmoja wa ngamia. Halima anabaki kwenye usukani. Askari wake amwambie asisumbuke kuja.

Hajajibu. Simu naiweka karibu, siwezi kukuficha. Lakini asipojibu sitalia. Madereva wameahidi kuibeba projekta hadi Habaswein, na watu wa Ifo wameshaulizia. Nchi nzima itaanzia kwetu basi, ikipenda kuendelea huko chini Nairobi iendelee.

Sasa shitaka langu mimi.

Ulikufa asubuhi, ukifunga waya wa spika, bila kelele, bila neno la mwisho. Mtu aliyevuka ukame mara mbili kwa miguu na kupigwa risasi ya mguu na majambazi wa shifta. Mchana ule ule wanaume wakakubeba. Sisi wanawake tukabaki ndani, kama ada ilivyo. Niliona miguu yao ikitoka mlangoni na mlango ukarudishwa. Makaburini sikufika. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye filamu, mtu ambaye hatukuonyeshwa akifa hajafa. Atatokea tu, vumbi mabegani, mwisho kabisa. Miezi yote hii nimekuwa nikitazama mlango wa ukumbi kila taa zikizimwa. Kadari naiamini, usinielewe vibaya, na kwa Mola wangu siwezi kuinua hata kidole. Lakini sikuipenda hadithi ilivyoandikwa, na nitaendelea kutoipenda. Nimekukosa, Abti. Nimekukosa vibaya sana.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi na akupe nuru humo, maana gizani hukuwahi kukaa bila kutafuta swichi.

Kesho tunaonyesha tena. Ile siku ya kwanza nilisimulia nimesimama mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kiti chako kipo pale mbele na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata mzee Dahir, hata mimi. Kesho nitakikalia. Hii ndiyo ahadi yangu. Usidhani ni kwamba nimekubali. Ni kwamba filamu ni ndefu, miguu inauma, na hawa watu hawasikii mpaka mtu azungumze akiwa ameketi.

Kwaheri, Abti.

Abti yako