Bakari kwenye Njia ya Mizeituni

Jumapili, 6 Aprili

Upepo tairi la nyuma. Mafuta kwenye cheni. Ndizi mbili mfukoni. Kundi lilikuwa dogo leo: mimi, mume wangu Bakari, na Papa Yohana, Mkongo wa Bukavu anayetuongoza kila Jumapili. Tulifuata njia ya mferejini kuanzia Tyseley, hapahapa Birmingham. Maji machafu, bata, baridi.

Karibu na daraja Bakari akampiga kikumbo mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Mwanamke alikuwa upande wa kushoto, peupe kabisa. Bakari akaomba radhi, akacheka, akasema ametokea wapi huyu. Hakutokea popote. Alikuwa pale. Sikucheka.

Tulipokaa kunywa chai Papa Yohana akatusimulia tena safari yake ya Hispania. Reli ya zamani iliyokuwa ikibeba mafuta ya zeituni. Wameng'oa vyuma, wameifanya njia ya baiskeli. "Kule hakuna motokari hata moja," alisema. "Njia iko plat, haina kilima. Ni wewe na mizeituni tu."

Bakari alikuwa ameacha kutafuna.

Alhamisi, 10 Aprili

Kliniki ya macho. Presha ya macho haijashuka. Ameongezewa matone. Daktari alituonyesha kwenye skrini sehemu asizoona, zimetiwa weusi. Weusi umetanda. Kilichokwisha kuondoka hakirudi, alisema. Alisema taratibu, kama anayezungumza na wazee. Nadhani ndiyo hali yetu.

Gari Bakari aliacha mwaka juzi. Kazi ya ufundi wa treni ikaisha mwaka huohuo. Daktari akauliza kama anaendesha baiskeli. Bakari akasema, "Kidogo." Nikatazama viatu vyangu.

Tukapanda basi. Tulipofika mlangoni, kabla sijatia ufunguo, akasema, "Mama Asha, twende Hispania. Wakati bado naweza."

Nikasema sawa. Sijui kama ni mapenzi au huruma. Huenda si hiki wala kile. Mimi pia nataka kwenda.

Jumamosi, 19 Aprili

Asha alikuja kutoka kwake Moseley kutugombeza. Mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, kama kawaida yetu. Anasema baba yake ataanguka na mimi nitakuwa nimekaa namtazama. Nikamwambia njia haina magari. Akasema ina mawe.

Nimekasirika naye mpaka sasa. Nimekasirika kwa sababu ana haki.

Bakari muda wote alikuwa bustanini, akijifanya hasikii. Macho yanakufa lakini masikio mazima.

Ijumaa, 2 Mei

Ndege, basi, mji wa Jaén. Baiskeli za kukodi ni nzito lakini nzima. Bakari alizikagua yeye mwenyewe, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Breki, gia, spoku. Fundi wa pale akamwacha afanye.

Tumekubaliana: mimi mbele na kizibao cha njano, yeye nyuma anafuata unjano. Kukiwa na kitu njiani nitapaza sauti.

Jumamosi, 3 Mei

Mizeituni. Hakuna kingine. Milima imechanwa kwa kitana, safu kwa safu, mpaka mwisho wa dunia. Njia ni kweli tambarare, maana treni haipendi mlima. Tangu asubuhi tumekutana na watu wachache wanaotembea na mbwa wao. Kimya kikubwa. Nilikuwa nasikia cheni yangu mwenyewe.

Mkahawani mhudumu alipotuonyesha pa kukaa alisema "mesa". Bakari akanigeukia. Meza! Akaomba sukari kwa Kiswahili, kwa makusudi, akaletewa. Wao wanaita "asukar". Akaanza kuwinda maneno mengine. Bendera ikapatikana. Limau pia. Nilikuwa sijamwona amefurahi namna ile mwaka mzima.

Mchana nilipaza sauti. Shimo kushoto. Geti, punguza. Mbwa. Jiwe. Jioni koo linawasha. Ngome ya Alcaudete ikatokea juu ya kilima chake, kubwa, rangi ya mkate. Kabla hatujasafiri Papa Yohana alikuwa ametueleza kwamba Waislamu waliijenga kwanza, kisha wengine wakaichukua wakajenga juu yake. Nikamwonyesha Bakari. Akasema, "Mzuri mnara ule." Alikuwa anatazama mlima mwingine.

Sikumsahihisha.

Jumapili, 4 Mei

Madaraja ya chuma leo. Marefu, juu ya mabonde. Bakari alishuka kwenye kila daraja akapapasa ribiti, misumari minene inayounga vyuma, akanieleza jinsi zilivyopigwa zikiwa za moto. Hapo yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza mimi.

Kisha handaki. Si refu, mwanga wa upande wa pili unaonekana. Mimi niliuona. Yeye alisimama mdomoni mwa handaki, akashuka, akaweka mkono ukutani na kutembea. Nikarudi, nikamshika kiwiko. Akakitoa kiwiko.

Tulipofika chumbani akalipuka. Kwa sauti ya chini, maana Bakari hapigi kelele. Anasema tangu jana hajasikia ndege hata mmoja, anasikia mimi tu. "Usiniswage kama mbuzi, Zuhura."

Na mimi nikamjibu. Nikamwambia sikuja Hispania kuwa kengele. Nikamwambia nami nina macho na sijaona kitu, kila nikitazama mbali naogopa kilicho karibu.

Tumekula. Nyanya, mkate, mafuta ya zeituni yenye uchungu kidogo. Mazuri sana. Nilikasirika kwamba ni mazuri.

Jumatatu, 5 Mei

Ameanguka.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi alisema leo atatangulia yeye. Nikasema nenda basi. Mwanzoni nilikuwa nyuma yake karibu, kisha nikapunguza mwendo. Nilipunguza kwa hasira. Nilitaka kusikia hao ndege. Niliwasikia. Akapotea mbele kwenye kona.

Nilifika stesheni ya zamani tuliyoahidiana kukutana, ambayo siku hizi ni mkahawa. Hayupo. Nikauliza kwa mikono. Hakupita mtu. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena.

Nikageuza baiskeli. Kumbe hofu ina mwendo wake: sikuwahi kuendesha kwa kasi ile. Nikawa naita jina lake kwenye mizeituni na mizeituni haijibu. Pale njia inapokutana na barabara ya shamba, njia yetu inapinda kulia. Barabara ya shamba inashuka moja kwa moja, ya vumbi, yenye mteremko. Kwenye vumbi kulikuwa na alama ya tairi jembamba.

Nikashuka nayo. Chini, kwenye ukingo wa shamba, nikaona trekta limesimama, na bibi mmoja mwenye kofia ya majani amechuchumaa. Bakari alikuwa amekaa mtaroni, amekumbatia mkono wake wa kushoto. Uso wa vumbi. Bibi alikuwa anamnywesha maji kwenye chupa na kumsemesha bila kukoma, Kihispania chote, kama mama anayebembeleza mwana. Bakari alikuwa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mama."

Nilidhani atasema jiwe. Nilidhani atasema breki mbovu, baiskeli ya watu, jua machoni. Nilikuwa tayari kumkubalia chochote.

Akasema, "Njia ilipinda, mimi sikuiona."

Nikakaa mtaroni karibu naye.

"Sikuiona kabisa, Zuhura. Kwangu ilikuwa imenyooka."

Miaka yote ya matone na kliniki hajawahi kulisema hilo. Bibi akatutazama, akafunga chupa yake, akaenda kupiga simu.

Hospitali ya mji wa jirani. Mfupa wa mtulinga umevunjika, hautaki upasuaji. Wamemfunga mkono kwa kitambaa shingoni. Asha amelia kwenye simu, kisha akauliza kama mimi nimekula. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jumanne, 6 Mei

Mapumziko Zuheros, kijiji cha kando ya njia. Nyumba nyeupe zimeshikilia mwamba, na ngome ndogo imekaa juu kama jino. Bakari anatumia dawa ya maumivu, analala, anaamka. Nimefua nguo. Nimezianika kwenye kibaraza.

Jioni tulikaa nje. Imebaki sehemu ya mwisho ya njia, mpaka Puente Genil. Nikasema tutafute teksi. Akasema teksi atapanda yeye, na mizigo.

"Wewe nenda na baiskeli. Na usinisubiri popote."

Nikamwambia siwezi kumwacha. Akasema nitakuwa sijamwacha, atakuwa amekaa ndani ya gari na mtu mwenye leseni. Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda peke yangu.

Niandike ukweli ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilifurahi. Mume wangu ana mfupa uliovunjika na macho yanayozimika, na mimi nilifurahi asubuhi nzima. Sikumwambia mtu shimo liko wapi. Nilitazama mbali nilivyotaka. Niliona ndege mkubwa wa kahawia akizunguka juu ya bonde, nikasimama shingo juu mpaka akaondoka. Niliona kijiji mbali, mnara wa kanisa uliokaa kama wa msikiti. Kwenye mteremko nikaachia breki. Kumbe bado naweza kuachia breki.

Hatia ilikuja mara moja tu, nilipokula ndizi. Ikapita.

Puente Genil, Bakari alikuwa amekaa kivulini na dereva wa teksi, mzee mwenzake. Alinisikia kabla hajaniona. Hakuuliza njia ilikuwaje. Alisema, "Umekuja haraka." Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayesikia injini iko sawa. Nikamshika mkono mzima. Hakuutoa.

Jumapili, 18 Mei

Birmingham. Manyunyu. Bordesley Green inanuka lami iliyolowa na vitunguu vya jirani.

Nilitoka asubuhi na kundi. Papa Yohana akauliza, "Mzee iko wapi?" Nikasema yuko nyumbani, mfupa. Akaangalia uso wangu, akapanda baiskeli yake. Tukaenda mpaka nje ya mji, kwenye vijia vyembamba vyenye vichaka pande zote. Magari machache. Si Hispania. Inatosha.

Niliporudi Bakari alikuwa jikoni. Amechemsha wali na maharage kwa mkono mmoja. Wali umeshika chini. Nikala. Baiskeli yake bado iko kwenye korido, hakuna aliyeigusa wala kuitaja. Kwa sasa na ikae.

Alipokuwa anafuta sahani akasema ameongea na watu wa huduma ya wasioona vizuri. Ataanza kufundishwa kutembea na fimbo nyeupe. Alilisema kama mtu anayesema kesho ni siku ya kutoa taka.

Nikauliza lini. Alhamisi, akasema, saa nne asubuhi. Atapanda basi mwenyewe. Nisije naye.

Nikasema sawa.